Toleo la 1 Huhesabu Maduka, Msomaji Husikika Kuanzia la 4

Septemba 2011 kampuni ya DC ya Marekani ilifuta namba za majarida yake yote ya mashujaa na kuanzisha mifululizo 52 kwa mpigo, kila mmoja ukianzia toleo la 1. Action Comics, iliyokuwa imefika toleo la 904, ikarudi mwanzo. Detective Comics ikaiacha 881 na kurudi mwanzo pia. Mwezi ulipofungwa, makadirio ya mauzo yalionyesha Batman toleo la 1 limepita nakala 188,000 na Action Comics toleo la 1 nakala 180,000, wakati miezi michache kabla yake majarida hayo hayakuwa yakifika hata nusu ya hapo. Habari iliyoenea ni kwamba wasomaji wamerudi kwenye komiki.

Huenda walirudi, lakini takwimu zile hazikuwa na uwezo wa kulisema hilo. Kilichohesabiwa Septemba ile ni oda za wenye maduka, na oda hizo zilipelekwa kabla msomaji yeyote hajafungua ukurasa wa kwanza. Kosa hili hurudiwa kila mfululizo unapoanzishwa upya, na hurudiwa hata na watu wanaoipenda sana sanaa hii: toleo la 1 likipaa husemwa kuwa mradi umefaulu, la 2 likishuka kwa asilimia 40 husemwa kuwa umekufa. Kauli zote mbili hutolewa mapema mno. Anayetaka kujua kama mfululizo mpya umeshika asubiri toleo la 4 au la 5, na ajue kwa nini anasubiri.

Sababu ya kwanza iko kwenye namna mali yenyewe inavyouzwa. Komiki za Marekani haziendi dukani kwa mali kauli. Mwenye duka hununua nakala zake moja kwa moja, na ikimdodea ni yake. Haikuwa hivyo zamani, zilipouzwa kwenye vibanda vya magazeti na mabaki kurudishwa kwa mchapishaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mfanyabiashara wa New York, Phil Seuling, alikubaliana na wachapishaji kwamba atachukua komiki kwa punguzo kubwa zaidi, naye asirudishe kitu. Soko zima la maduka ya komiki likajengwa juu ya makubaliano ya aina hiyo. Kwa mchapishaji, nakala ikishatoka ghala la msambazaji kwenda dukani imekwisha kuuzwa. Iwe imenunuliwa na mtoto wa shule au imelala kwenye boksi chini ya meza, kwenye orodha ya mwezi inahesabiwa moja.

Sababu ya pili ni jinsi namba zenyewe zinavyopatikana. Kuanzia 1997 hadi 2020 wachapishaji wote wakubwa walipitia kwa msambazaji mmoja, Diamond Comic Distributors, kampuni iliyoanzishwa na Steve Geppi mwaka 1982 huko Maryland. Diamond haikutangaza idadi ya nakala. Ilitangaza mpangilio wa majarida 300 yaliyoongoza kwa mwezi, baadaye 500, na kando ya kila jina ikaweka kipimo cha kulinganisha ambamo Batman ya mwezi huo ilipewa 100. Jarida lenye kipimo cha 37.5 lilikuwa limeuza asilimia 37.5 ya Batman. Wachambuzi, hasa John Jackson Miller wa Comichron, tovuti ya takwimu za komiki, na watu wa ICv2, tovuti ya habari za biashara hiyo, walipata idadi halisi ya majarida machache kutoka kwa wachapishaji, wakagawanya, wakapata thamani ya ile 100, kisha wakazidisha kwa orodha nzima. Njia hiyo ni nzuri na matokeo yake yalikuwa karibu sana na ukweli, ila tusisahau ilichopima: nakala zilizotoka Diamond kwenda maduka ya Amerika Kaskazini. Maduka ya Uingereza hayamo. Maduka ya vitabu hayamo. Aliyesoma kwa simu Nairobi au Dar es Salaam hayumo kabisa.

Jambo moja la kuzingatia kwa anayerudi nyuma kutafuta takwimu za zamani: hadi mwanzoni mwa 2003 orodha za Diamond zilikuwa za oda za awali, zilizopelekwa miezi miwili kabla. Kuanzia Februari 2003 ndipo zikawa za nakala zilizosafirishwa kweli, pamoja na oda za nyongeza. Ukiunganisha mstari wa 2002 na wa 2004 bila kuweka alama hapo katikati, utaona kupanda ambako sehemu yake ni mabadiliko ya kipimo tu.

Sasa kalenda, ambayo ndiyo moyo wa jambo zima. Mwenye duka hupokea katalogi miezi miwili kabla ya mwezi wa kuuza, huandika oda ya awali, kisha hupewa nafasi ya mwisho ya kuirekebisha takribani wiki tatu kabla jarida halijaingia dukani. Baada ya siku hiyo mchapishaji hupeleka idadi kiwandani. Chukua Batman ile ya 2011. Toleo la 1 lilitoka Septemba 21, la 2 Oktoba 19, la 3 Novemba 16, la 4 Desemba 21. Hesabu wiki tatu nyuma kutoka Oktoba 19 utaangukia Septemba 28. Yaani mwenye duka aliamua idadi ya toleo la 2 akiwa ameliuza la 1 kwa siku saba tu, na wateja wake wengi wanaokuja mara moja kwa mwezi walikuwa hawajafika. Toleo la 3 aliliamua mwishoni mwa Oktoba, akiwa anajua la 1 limeishaje lakini ana wiki moja tu ya la 2. Na swali kubwa kwa mfululizo mpya haliko kwenye la 1, maana hilo hununuliwa hata na mwenye hamu ya kuonja. Swali ni wangapi walirudi kuchukua la 2. Jibu kamili la swali hilo huingia kwenye oda za toleo la 4 kwa mara ya kwanza.

Ndiyo maana kushuka kutoka la 1 hadi la 2 hakutuambii kitu kuhusu ubora wa hadithi. Ni mwenye duka anayeacha kubahatisha kwa nakala nyingi na kuanza kubahatisha kwa chache. Kushuka kwa asilimia 30 mpaka 50 hapo ni kwa kawaida. Kutoka la 2 kwenda la 3 mara nyingi huwa asilimia 10 hadi 20. Kuanzia la 4 au la 5, mfululizo wenye afya hupungua kwa asilimia 2 hadi 4 kwa mwezi, na wenye ugonjwa huendelea kupoteza 8 au 10.

Majarida yanayotoka mara mbili kwa mwezi huchelewesha zaidi sauti ya msomaji. Mwaka 2016 DC ilianza upya tena kwa jina la Rebirth, bei ikashushwa mpaka dola 2.99 na majarida makubwa yakawekwa kila wiki mbili. Batman mpya toleo la 1 ilitoka Juni 15, la 2 Julai 6, la 3 Julai 20. Piga hesabu ile ile: idadi ya toleo la 2 ilikuwa inafungwa karibu na siku ileile ambayo la 1 linawekwa rafuni, na ya la 3 kufungwa mwishoni mwa Juni, kabla hata la 2 halijatoka. Orodha za Julai zilipotangazwa, kilichoonekana humo kilikuwa bado imani ya wenye maduka. Kwa mfululizo wa namna hiyo subiri la 6 au la 7. Tena usijumlishe matoleo mawili ya mwezi mmoja kuwa namba moja, wala usichukue wastani wake. Kila toleo lipewe mstari wake kwenye jedwali.

Kuna mambo manne yanayovimbisha toleo la kwanza, na kila moja lina alama yake.

La kwanza ni majalada mbadala ya uwiano. Mchapishaji husema: agiza nakala 25 za kawaida upate ruhusa ya kununua moja yenye jalada la msanii fulani. Pengine ni 50 kwa moja, au 100 kwa moja. Tuchukue jarida la dola 3.99 na mwenye duka anayepata punguzo la asilimia 50, kwa hiyo kila nakala inamgharimu karibu dola 2. Wateja wake wa jina hilo ni 12. Akiagiza 12 na kuzimaliza, anatoa dola 24 na kuingiza 48. Faida ni 24. Lakini akiagiza 25 pamoja na ile moja yenye jalada adimu, anatoa kama dola 52. Anauza 12 za kawaida kwa 48, na lile jalada adimu analiuza kwa mkusanyaji kwa dola 50. Ameingiza 98, faida 46. Zile 13 zilizobaki hata akizitupa amepata karibu mara mbili ya alichokuwa apate. Mwenye duka hajakosea chochote, amefanya biashara. Ila orodha ya mwezi imeandika 26 mahali penye wasomaji 12. Zidisha hilo kwa maduka elfu mbili na utaelewa kwa nini jarida lenye majalada ishirini haliwezi kulinganishwa na lenye mawili. Kinga ni rahisi: fungua tangazo la katalogi, hesabu majalada, andika uwiano wao kwenye safu ya pembeni.

La pili ni ruhusa ya kurudisha. DC ilipoanzisha upya majarida 2011, na tena 2016, ilikubali kupokea nakala zisizouzwa za matoleo ya mwanzo kwa masharti fulani, ili wenye maduka wasiogope. Hatua hiyo ilikuwa ya busara na ninaamini ndiyo iliyoziokoa nyingi za zile 52, kwa sababu rafu tupu siku ya pili huua mfululizo mpya kuliko hadithi mbaya. Lakini takwimu zinabadilika maana. Diamond yenyewe ilikata asilimia 10 ya oda za majarida yanayorudishika kabla ya kuyapanga, kama kisio la yatakayorudi. Asilimia hiyo ni ya wote, iwe jarida limerudi nusu au halikurudi hata moja. Ruhusa ikiisha, jarida linaweza kushuka ghafla kisha likatulia. Mtu asiyeijua tarehe ya mwisho wa ruhusa atadhani wasomaji wamekimbia mwezi huo.

La tatu ni mzigo mmoja mkubwa nje ya maduka. Rocket Raccoon ya Marvel, toleo la 1 la Julai 2014, liliandikwa kuwa na karibu nakala 294,000. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye maboksi ya Loot Crate, ambayo watu walikuwa wakilipia kila mwezi bila kujua ndani yake kuna nini. Toleo la 2 halikufika hata theluthi ya hapo. Hakuna aliyeiacha Rocket Raccoon kwa wingi huo. Wengi hawakuwahi kuichagua.

La nne ni mshtuko wa wakusanyaji, na hili ndilo lenye historia chungu kuliko yote. X-Men toleo la 1 la 1991, lenye majalada matano tofauti, lilipelekwa madukani kwa zaidi ya nakala milioni 8. Hapakuwa na wasomaji milioni 8 wa X-Men. Palikuwa na watu walionunua tano tano wakidhani zitawasomeshea watoto, na wenye maduka walionunua maboksi kwa matumaini yaleyale. Miaka michache baadaye soko lilianguka, maduka mengi yakafungwa, na Marvel ikaomba ulinzi wa mufilisi Desemba 1996. Ninalitaja kwa sababu kila kampuni inapojisifu kwa toleo la 1 lililopita laki tatu au nne, swali la 1991 bado linafaa kuulizwa: nakala ngapi zina msomaji mmoja mmoja?

Jedwali la kufuatilia lisiwe gumu. Kila toleo mstari mmoja. Safu ziwe: namba ya toleo, tarehe halisi ya kutoka, bei, idadi iliyokadiriwa, badiliko la asilimia kutoka toleo lililotangulia, idadi ya majalada na uwiano wake, kama linarudishika, na safu ya maelezo ambamo utaandika hadithi inayovuka majarida, mwandishi mpya, au filamu iliyotoka mwezi huo. Tarehe ya kutoka ni muhimu kuliko inavyoonekana. Jarida lililotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi lina wiki tatu nzima za kupokea oda za nyongeza ndani ya hesabu ya mwezi, na lililotoka Jumatano ya mwisho halina. Hiyo peke yake inaweza kuleta tofauti ya asilimia moja au mbili, kiasi kinachotosha kukudanganya katika hatua ambayo unatafuta asilimia tatu.

Tuweke mfano wa kubuni. Mfululizo unaanza na 90,000, kisha 52,000, 45,000, 40,500, 38,900 na 37,700. Kushuka kwake ni asilimia 42, 13, 10, 4 na 3. Mwenye haraka ataona mfululizo umepoteza zaidi ya nusu ya wateja ndani ya miezi sita. Mimi naona mfululizo uliotulia. Kipimo ninachokiamini zaidi ni toleo la 5 kugawanywa kwa la 2: hapa ni 38,900 kwa 52,000, karibu asilimia 75. Nikiona 70 na kuendelea, wenye maduka wanauza wanachoagiza. Nikiona 55, kuna mabaki yanarundikana na oda zitaendelea kukatwa.

Halafu linakuja swali ambalo wachapishaji hawapendi kuulizwa: kuanzishwa upya kumeleta faida gani kuliko kuacha namba iendelee? Jibu halimo kwenye mfululizo mpya peke yake. Lazima uchukue matoleo ya mwisho ya mfululizo wa zamani, uyaache ya mwisho kabisa moja au mawili (hayo huvimbishwa na kuagana), uchukue ya kabla yake. Tuseme yalikuwa 31,000. Mfululizo wetu wa kubuni uko 37,700 kwenye toleo la 6 na unapungua kwa asilimia 3 kwa mwezi. Baada ya miezi saba utakuwa chini ya 31,000. Kwa hiyo kelele zote zile, namba 1 mpya, majalada, matangazo, zimenunua takribani mwaka mmoja. Asilimia 3 kwa mwezi ni asilimia 31 kwa mwaka. Asilimia 2 ni 22. Ukiiangalia tofauti hiyo ya pointi moja kwa miaka miwili, utaelewa kwa nini mhariri mwema hujali zaidi kuchelewa kwa jarida na kubadilishwa kwa mchoraji kuliko jalada la toleo la kwanza.

Na hapo ndipo ninapopingana waziwazi na desturi ya kuanza upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Toleo la 1 ni mlango wa kuingilia, lakini mfululizo unapoishia 12 ili uanze upya, huo pia ni mlango wa kutokea. Mteja aliyewekesha nakala yake dukani miaka sita anaulizwa upya kama anataka kuendelea, na baadhi hujibu hapana kwa sababu tu wameulizwa. Mwenye duka naye anapoteza kitu cha thamani: kumbukumbu ya idadi anayouza kweli. Anarudi kubahatisha. Mwaka 2016 DC yenyewe iliirudishia Action Comics namba yake kubwa, ikaanzia 957, na Detective Comics ikaanzia 934. Uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa majarida yale.

Kuhusu kufungwa kwa mfululizo, hesabu ni ya fedha kabla ya kuwa ya sanaa. Mchapishaji hupata kutoka kwa msambazaji kama asilimia 40 ya bei ya jalada. Kwenye dola 3.99 hiyo ni kama dola 1.60. Nakala 20,000 huleta dola 32,000, na humo atoke mwandishi, mchoraji wa penseli, wa wino, mpaka rangi, mwandika herufi, mhariri, karatasi na kiwanda. Kwa bei ya dola 2.99 nakala zilezile 20,000 huleta chini ya dola 24,000. Ndiyo maana kwa miaka mingi eneo la 20,000 lilikuwa ukingo wa kaburi kwa kampuni mbili kubwa, ingawa wachapishaji wadogo wenye gharama ndogo wanaishi vizuri chini ya hapo.

Angalia jinsi DC ilivyolifanya. Januari 2012 ilitangaza kwamba majarida sita kati ya yale 52 yatakoma na toleo la 8: Static Shock, Mister Terrific, OMAC, Men of War, Blackhawks, na Hawk and Dove. Toleo la 8 lilikuwa la Aprili. Wengi walilalamika kwamba hayakupewa nafasi, wakihesabu miezi minane. Kwa kweli hayakupata hata minane. Majarida ya Aprili yalikuwa lazima yaingie kwenye katalogi ya mwishoni mwa Januari, na wakati uamuzi unafanywa oda za mwisho zilizojulikana zilikuwa za toleo la 5, pengine la 6. Yote sita yalikuwa yamefika kwenye eneo la 20,000 au chini yake. Maana yake ni kwamba DC ilikuwa na toleo moja au mawili tu yenye sauti ya kweli ya msomaji, na ikaamua kwa hayo. Mei yakaingia mapya sita, miongoni mwake Earth 2 na Dial H. Kwa upande wa pili, Batman ya mwandishi Scott Snyder na mchoraji Greg Capullo ilikaa zaidi ya miaka mitatu bila kushuka chini ya 100,000, jambo ambalo toleo la 1 la Septemba 2011 lisingeweza kulitabiri. Majarida mengine yaliyoanza kwa kishindo mwezi uleule yalikuwa yamerudi kwenye hali ya kawaida baada ya mwaka.

Mpaka hapa nimezungumzia karatasi za dukani tu, na kwa baadhi ya mashujaa hiyo ni nusu ya habari. Ms. Marvel ya Februari 2014, ile ya Kamala Khan, binti wa Kiislamu wa Jersey City, kwa orodha za mwezi peke yake ilikuwa jarida la kati. Lakini toleo la 1 lilichapwa upya mara kadhaa, wahariri wa Marvel wakasema hadharani kwamba ndilo linaloongoza kwa mauzo yao ya kidijitali, na kitabu cha kwanza kilichokusanya matoleo hayo kikaendelea kununuliwa kwenye maduka ya vitabu na kushinda tuzo ya Hugo mwaka 2015. Mchambuzi aliyekuwa na jedwali la oda tu angelipangia kufa. Takwimu za kidijitali hazitangazwi, kwa hiyo usizibuni. Weka safu ya machapisho ya marudio, na nyingine ya tarehe ya kitabu cha mkusanyo. Jarida la kati ambalo mkusanyo wake unachapwa tena na tena lina wasomaji wasiopita dukani kila Jumatano.

Tangu 2020 kazi hii imekuwa ngumu. Janga la korona liliposimamisha usambazaji wa Diamond mwezi Aprili, DC ilihamia kwa wengine na Juni ikakata uhusiano moja kwa moja. Sasa iko kwa msambazaji Lunar. Marvel ilihamia kwa kampuni ya vitabu ya Penguin Random House Oktoba 2021, mchapishaji Image akaenda Lunar 2023, na Januari 2025 Diamond ikaomba ulinzi wa mufilisi. Ile 100 ya Batman imekwisha. Kilichopo sasa ni orodha za ICv2 zinazotokana na mashine za kuuzia za maduka yanayotumia mfumo wa ComicHub. Kwa namna moja ni bora kuliko za zamani, kwa sababu zinahesabu kilicholipiwa na mteja. Lakini zinatoa nafasi tu bila idadi, na maduka yale ni sehemu ndogo ya soko. Jarida linaweza kupanda kutoka nafasi ya 14 hadi ya 9 huku likiuza pungufu, kwa sababu mwezi ule ulikuwa mbovu kwa wote. Kwa hiyo usichore mstari wa nafasi kana kwamba ni mstari wa nakala. Nafasi itumie kwa jambo moja: kulinganisha jarida na majirani zake walewale wa mwezi uliopita, yaani limewapita akina nani na limepitwa na nani.

Na tangazo la kampuni lisomwe neno kwa neno. "Zilizoagizwa" ni oda. "Zilizochapwa" si hata oda. "Limeisha" maana yake limeisha kwenye ghala la msambazaji, huku dukani zikiwa zimejaa. Ninachokifuatilia zaidi siku hizi ni chapisho la marudio, na namba ya toleo linalorudiwa. Kurudiwa kwa toleo la 1 ni dalili dhaifu, kwani wakusanyaji huwinda hata chapisho la pili la jarida lililotajwatajwa. Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 4.99, ilirudiwa kuanzia toleo la 1, kisha la 2 na la 3 nayo yakarudi kiwandani. Oda ya chapisho la pili la toleo la 3 humtoka mwenye duka aliyeulizwa na mteja aliyekwisha kusoma mawili ya mwanzo na kukuta rafu tupu.